Pistoni nyepesi zinaposumbua: dalili, vyanzo na marekebisho

Tuanze na hesabu ndogo, kwa sababu bila hiyo mtu anaweza kudhani kupunguza gramu za pistoni ni mapambo tu. Chukua injini yenye silinda ya kipenyo cha milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 86, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili mkuu wa injini) ya milimita 143. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni ikifika juu kabisa hugeuzwa irudi chini kwa mchapuko unaozidi mara 2,000 ule wa mvutano wa dunia. Ikiwa pistoni, pini inayoiunga na konrodi, ringi zinazoziba gesi na kichwa cha juu cha konrodi kwa pamoja vina gramu 400, konrodi inavutwa kwa nyutoni 8,800 hivi. Vipunguze viwe gramu 300, mvuto unashuka hadi nyutoni 6,600. Beringi zinapumua, boliti za konrodi zinapumua, na injini inapanda mizunguko kwa wepesi.

Ndiyo faida yenyewe, na ni ya kweli. Ila malalamiko yanayofuata baada ya kufunga pistoni nyepesi huwa ni yaleyale, na mara nyingi kosa si wepesi. Mtu amebadilisha pistoni akaacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa: nafasi kati ya pistoni na silinda, mwanya wa ringi (nafasi kati ya ncha zake mbili), uzito wa krenki. Au kosa limetoka mezani kwa mchoraji wa pistoni, aliyechonga gramu mahali pasipochongwa.

Kabla ya kufungua chochote, tafuta karatasi ya vipimo iliyokuja na pistoni, na uandike uzito wa pistoni za zamani na mpya ukiwa na mizani ya kusoma gramu moja. Asiye na namba hizo atafanya kazi ya kubahatisha.

Inagonga ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Sauti ni ya mgongano mzito kidogo, kama mtu anayepiga ubao kwa kifundo cha kidole, na husikika zaidi dakika za kwanza.

Chanzo cha kwanza kwa wingi wala si hitilafu. Pistoni nyingi nyepesi hufuliwa kwa aloi ya alumini ya 2618, ambayo karibu haina silikoni. Ni ngumu kuvunjika, lakini hutanuka kuliko aloi ya 4032 yenye silikoni ya asilimia 12 hivi. Kwa silinda ya milimita 86, pistoni ya 4032 mara nyingi huachiwa nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.07, na ya 2618 kama 0.08 hadi 0.10. Ikiwa baridi inacheza, ikipata moto inajaa. Kama sauti inaisha injini ikifika joto lake la kazi, presha ya oili ni nzuri na hakuna moshi, endesha. Usikanyage mafuta kwa nguvu kabla haijapata moto, basi.

Isipoisha, angalia alama iliyo juu ya kichwa cha pistoni. Mshale au nukta kwa kawaida huelekea mbele ya injini, upande wa cheni au mkanda wa taimingi. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Pistoni nyingi zina tundu la pini lililosogezwa kidogo kutoka katikati, milimita 0.5 hadi 1.5, ili pistoni ihame upande wa silinda polepole badala ya kujirusha. Ukiifunga kinyume, ule ujanja unageuka kuwa adui. Unaweza kuchungulia alama kwa kamera ndogo kupitia tundu la plagi bila kufungua hedi.

Alama ikiwa sawa, inabaki kupima. Sketi ya pistoni (ukuta wake ulio chini ya ringi) hupimwa nyuzi 90 kutoka kwenye pini, kwenye urefu uliotajwa na mtengenezaji, kwa maikromita. Mahali pengine popote utapata namba ya uongo, maana sketi ina umbo la pipa na pia umbo la yai. Ilichongwa hivyo makusudi. (Kuna wanaoipiga msasa ili "ikae vizuri". Hao wanafuta kazi yote ya mchoraji kwa dakika tano.) Silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana.

Kwa upande wa usanifu, chanzo ni sketi fupi na nyembamba kupita kiasi. Pistoni nyepesi ina nguvu ndogo ya kugonga, hilo ni kweli, lakini sketi ikiwa fupi pistoni hutikisika kichwa kama mlevi na kingo zake hugonga kabla ya mwili. Ukichora upya, rudisha urefu wa sketi upande unaobeba mzigo na utafute gramu zako pande za pini, ambako sketi haifanyi kazi yoyote.

Simamisha injini na mwite fundi wa injini kama kugonga kunaongezeka kadiri joto linavyopanda, au kama taa ya oili inawaka. Hiyo tena si sketi. Huenda ni beringi ya konrodi.

Mtetemo ambao haukuwepo

Kwanza ondoa yaliyo rahisi. Mikono ya injini iliyolegea au iliyochakaa, silinda moja inayomisi, koili mbovu, bomba linalogusa fremu. Injini imetoka kufunguliwa. Uwezekano wa kusahau kitu kidogo ni mkubwa kuliko uwezekano wa kosa la fizikia.

Baada ya hapo, aina ya injini ndiyo inayoamua. Kwenye injini ya silinda nne za mstari mmoja, pistoni mbili zikipanda mbili zinashuka, na kani za msingi zinafutana zenyewe. Ukipunguza uzito sawa kwa zote nne, hakuna unachoharibu. Hata ule mtetemo wa mara mbili ya mizunguko ambao injini hizi huwa nao unapungua. Kwa hiyo mtetemo mpya hapa karibu kila mara unamaanisha pistoni hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Pima kila seti nzima, yaani pistoni, pini, ringi na saklipu (vibanio vinavyozuia pini isitoke), na tofauti isizidi gramu moja au mbili. Konrodi nazo zipimwe kila ncha peke yake, kwa sababu konrodi mbili zenye uzito sawa zinaweza kuugawa tofauti kati ya juu na chini.

Injini ya silinda moja ni habari nyingine, na hapa watu huumia. Uzito wa kusawazisha ulio kwenye krenki umetengenezwa kubeba sehemu tu ya uzito unaopanda na kushuka. Tuseme vinavyopanda na kushuka vilikuwa gramu 300 na krenki inasawazisha gramu 150, yaani asilimia 50. Ukifunga pistoni na pini nyepesi, vikawa gramu 240, zile gramu 150 za krenki sasa ni asilimia 62.5. Mtetemo hauondoki, unageuka mwelekeo: uliokuwa ukienda sambamba na silinda unaanza kwenda upande wa pili. Mwendeshaji anakuambia "injini imekuwa laini lakini fremu inatetema", na yuko sahihi. Fremu ilibuniwa kwa mwelekeo ule wa zamani.

Kwenye V8 ya nyuzi 90 yenye krenki ya msalaba, uzito unaotundikwa kwenye krenki wakati wa kubalansi hujumuisha vinavyozunguka vyote na nusu ya vinavyopanda na kushuka. Kila pini ya krenki inabeba konrodi mbili, kwa hiyo kila pistoni ikipungua gramu 60, uzito wa kubalansi kwa kila pini ya krenki unapungua gramu 60 pia. Krenki imebaki nzito kuliko inavyotakiwa. Dawa ni kutoboa vibamba vya krenki kupunguza uzito, na kazi hiyo hufanywa kwenye mashine ya kubalansi na mtu anayeijua. Usijaribu kwa drili ya mkononi. Krenki iliyotobolewa vibaya hairudi.

Mtetemo unaotokea kwenye mizunguko fulani tu, kisha kupotea juu yake, uelekeze macho kwenye puli yenye mpira iliyo mbele ya krenki. Kubadilisha uzito wa pistoni husogeza kidogo ile kasi ambayo krenki hujisokota, na mpira uliozeeka hauwezi kuizima.

Inakula oili, moshi wa bluu, mvuke kwenye bomba la kupumulia

Kama injini haijamaliza muda wa kuzoeana, subiri kwanza, ukifuata maelekezo ya aliyetengeneza ringi. Injini iliyoachwa ikizunguka bila mzigo masaa mengi haiziketishi ringi. Zinahitaji presha ya mwako kuzisukuma ukutani.

Halafu fanya kipimo cha mgandamizo mara mbili, kikavu na kilichotiwa oili kijiko kimoja kwenye silinda. Namba ikipanda sana baada ya oili, tatizo liko kwenye ringi au silinda. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi. Moshi unaotoka zaidi unapokanyaga mafuta tena baada ya mteremko mrefu mara nyingi ni sili za valvu, na hapo pistoni zako zimesingiziwa.

Ikiwa ni ringi, makosa ya kufunga ndiyo yanayoongoza: ringi ya pili imepinduliwa (alama huelekea juu), ncha za springi ya ringi ya oili zimepandana, au silinda haikuhoniwa (kusuguliwa ndani kwa mawe) kwa kiwango kinachotakiwa na ringi hizo. Pistoni nyepesi ina lake la ziada. Ili kupunguza urefu kati ya pini na kichwa, wabunifu hupandisha tundu la pini mpaka linakata mfereji wa ringi ya oili. Pale huwekwa bapa jembamba la chuma la kuibeba ringi, lenye kinundu kidogo kinachokaa kuelekea chini ndani ya uwazi wa tundu la pini ili bapa lisizunguke. Nimeshaona bapa hilo limebaki kwenye boksi, aliyefunga akidhani ni cha ziada. Injini hiyo ilikunywa oili tangu siku ya kwanza.

Kama mvuke unaongezeka kwenye mizunguko ya juu tu, ringi inaelea. Karibu na kilele, pistoni inapopunguza kasi ghafla, ringi hutaka kuendelea na safari yake ya juu. Ikiishinda presha ya gesi inayoishikilia chini, inanyanyuka kwenye mfereji na gesi inapita. Hapa kuna imani potofu inayostahili kuvunjwa. Pistoni nyepesi haipunguzi tatizo hili hata kidogo, kwa sababu ringi haijali pistoni ina gramu ngapi. Inajali mchapuko tu. Na mwenye pistoni nyepesi kwa kawaida ndiye anayepandisha kikomo cha mizunguko. Kutoka 6,000 hadi 7,000, mchapuko unaongezeka asilimia 36. Dawa ni ringi zenyewe ziwe nyepesi, za unene wa milimita 1.0 au 1.2 badala ya 1.5, na mfereji wake uchongwe kwa unene huo. Ringi nyembamba kwenye mfereji mpana ni kuongeza tatizo.

Nguvu imepungua, ingawa pistoni ni nyepesi

Fupi: pengine umepunguza mgandamizo bila kujua. Kuna wanaopunguza uzito kwa kusaga kichwa cha pistoni juu. Kwenye silinda yetu ya milimita 86 yenye uwiano wa 10 kwa 1, kusaga milimita moja kunaongeza sentimita za ujazo 5.8 kwenye chumba cha mwako, na uwiano unashuka hadi 9.15. Hakuna wepesi utakaolipa hasara hiyo. Pima ujazo kwa sirinji na kioo chenye tundu, kisha linganisha. Na ukumbuke kwamba pistoni nyepesi haiongezi nguvu za mwako. Inachopunguza ni mzigo wa beringi na uchovu wa kupanda mizunguko.

Mlio mwembamba, wa haraka, kama wa mara mbili

Huu hausubiri baridi. Upo injini ikiwa moto, na unasikika vizuri ikiwa inazunguka polepole. Chomoa waya wa injekta silinda moja baada ya nyingine (wa injekta, usishike wa plagi: umeme wake ni mkali, na petroli isiyoungua inaharibu kichujio cha ekzosi). Ukifika silinda ambayo mlio unabadilika, umepata.

Mara nyingi ni tundu la juu la konrodi lililolegea, au oili isiyofika kwenye pini. Saklipu iliyokaa vibaya ni nadra zaidi ila ndiyo ya kuogopwa: ikitoka, pini hutembea na kuchonga mtaro kwenye silinda. Ukihisi hivyo, zima. Usiiwashe hata kwa kuihamisha gari.

Kwa mchoraji, pini ni mtego mtamu, kwani ni chuma na kila milimita yake ni nzito. Chukua pini ya milimita 22 yenye tundu la 12, panua tundu liwe 14. Uzito unashuka asilimia 15. Ugumu dhidi ya kupinda unashuka asilimia 8 tu, na hapo wengi hufunga daftari wakifurahi. Lakini uwezo wa pini kukataa kubonyea kuwa umbo la yai unategemea unene wa ukuta kwa kipeo cha tatu, na huo umeshuka karibu nusu. Pini inayobonyea hubana kwenye matundu yake ikipewa mzigo, hula alumini, kisha hulegea na kulia. Afadhali kufupisha pini kwa kusogeza mabega ya pistoni (sehemu nene zinazoshika pini) ndani, kuliko kuikonda.

Michubuko kwenye sketi, au pistoni imekwama

Acha mara moja. Injini iliyokwama ikaachia baada ya kupoa haijapona.

Ukishafungua, michubuko inakuonyesha pa kutazama. Ikiwa kwenye pande mbili zinazobeba mzigo, nafasi ilikuwa ndogo, au oili na upoozaji vilikosekana. Sababu ya kawaida kabisa ni fundi aliyehoni silinda kwa vipimo vya pistoni ya zamani ya kiwandani. Ikiwa sehemu nne, pembeni mwa matundu ya pini, joto lilijikusanya kwenye mabega: pini imebana, au mabega yamechongwa membamba yakapanuka vibaya. Ikiwa upande mmoja chini ya pini, na upande wa pili juu ya pini, konrodi imepinda. Rangi nyeusi ya kupunguza msuguano iliyofutika kidogo kwa usawa ni jambo la kawaida.

Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo kila nyuzi ya joto inakula nafasi uliyoacha. Zamani wengi waliiogopa alumini kwa hofu ya kuyeyuka, hadi W. O. Bentley, aliyekuja kuanzisha kampuni ya magari ya Bentley, alipoithibitisha kwenye magari ya Kifaransa ya DFP kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa aloi yenye shaba ya asilimia 12. Hofu ya kuyeyuka ilipungua, ya kutanuka ingali nasi.

Nyufa, kuta za ringi zilizovunjika, kichwa kilichotoboka

Kabla ya kulaumu usanifu, soma mwako. Kichwa kilichodonolewa kingo kama kimeliwa na mchwa, na kuta kati ya mifereji zimevunjika, huo ni mlipuko wa ghafla wa mchanganyiko unaosikika kama kokoto: taimingi imesogezwa mbele mno, petroli hafifu, hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Tundu lililoyeyuka katikati mara nyingi ni mchanganyiko uliowashwa na kitu chenye moto kabla ya cheche, kwa mfano plagi ya daraja la joto lisilofaa. Kufunga pistoni nyingine bila kurekebisha hayo ni kuandaa mazishi ya pili.

Kinachofuata ni mwanya wa ringi. Kanuni inayotumika sana kwa injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa ya ziada) ni milimita 0.10 kwa kila milimita 25 za kipenyo, yaani 0.34 hivi kwa silinda yetu. Tabo hutaka zaidi. Kwenye pistoni fupi ringi ya kwanza imesogezwa karibu na moto, hivyo inatanuka zaidi. Ncha zikigusana, ringi hujitanua kwa nguvu na kung'oa ukuta uliopo juu yake. Tazama ncha: ziking'aa, umepata jibu.

Mwako na mwanya vikiwa safi, rudi kwenye mchoro. Kichwa cha pistoni kinabeba gesi, na presha ya baa 80 juu ya kipenyo cha milimita 86 ni nyutoni 46,500, mara saba ya ule mvuto wa nyutoni 6,600 tuliouanza nao. Wepesi hauupunguzi mzigo huu kamwe. Unene wa kichwa kwenye injini za petroli za kawaida huwa kati ya asilimia 6 na 10 ya kipenyo. Kutoka milimita 7 hadi 6 unaokoa gramu 16 hivi, na mkazo unapanda asilimia 36, katika alumini ambayo tayari imelegezwa na joto la nyuzi 250 hadi 300. Ni biashara mbaya. Gramu hizo hizo zinapatikana kwa urahisi chini ya kichwa kati ya mabega, nyuma ya mifereji ambako kuna nyama isiyobeba kitu, na kwenye sketi za pembeni. Kila pembe ya ndani ichongwe kwa mviringo, kwani ufa wa mabega huanzia pale kisu kilipogeuka ghafla.

Ufa usioonekana kwa macho hutafutwa kwa rangi ya kupenya: safisha, paka, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, futa, nyunyiza unga mweupe. Mstari mwembamba ukijitokeza kwenye bega au kona ya kichwa, pistoni hiyo haichomelewi wala haipigwi msasa. Itoe, na zile nyingine za seti hiyo zipelekwe kwa karakana yenye vifaa vya kuzipima moja moja kabla ya kurudishwa ndani.